Zimwi, Nyuki na Ndizi Mbivu

Hadithi iko mlangoni, wenzangu. Mnaifungulia? Basi sikilizeni.

Palikuwa na mrina asali, jina lake Nyamizi. Zimwi lilimmeza kaka yake, Kashindye, mbele ya macho yake, kisha likamgeukia yeye. Akalichoma mkuki, jeraha likajifunga. Akalikata panga, jeraha likajifunga. Akalipiga shoka shingoni, damu ikamrukia usoni, na jeraha likajifunga tena.

Nyamizi akakimbilia kwenye mizinga yake. Alijua kwamba nyuki akikasirika hutoa harufu kama ya ndizi mbivu, na wenzake wakiinusa huja kupigana. Akachukua chakula chake, mkungu mzima wa ndizi mbivu, akauweka chini ya mizinga.

"Zinanukia," likasema zimwi. "Nitaanza na hizi, halafu wewe."

"Kula, babu," akasema Nyamizi, akajificha kwenye moshi wa moto wake wa kurinia, ambao nyuki huukwepa.

Zimwi likabugia mpaka kifua kikalowa. Nyuki wakalivamia puani, masikioni, kooni. Kila walipouma, ngozi ilijifunga na kufungia sumu ndani. Likajirarua kwa kucha hadi macho yakatoka, likaanguka, likafa.

Nyamizi akalipasua tumbo. Kashindye akatoka hai, ametapakaa ndizi mwili mzima, na nyuki wakamgeukia.

"Usiinuke, kaka," Nyamizi akamwambia, akamlalia. Mgongo wake ukapokea miiba yote hadi jua likazama.

Kashindye akambeba dada yake mpaka nyumbani. Nyamizi alikuwa amevimba hatambuliki, lakini anapumua.

Hadithi yangu imefika mwisho wake, nami naufunga mlango.