Upatu wa Mti

Paukwa!

"Pakawa!"

Hiyo ni pakawa au mnapiga miayo? Hadithi hii nimewahi kumliza nayo fisi, na fisi mnamjua, kazi yake kucheka. Paukwa!

"Pakawa!"

Haya. Hapo zamani za kale, majani yalipokuwa bado yananukia mvua ya kwanza, wanyama wa Bonde la Matete walikuwa na upatu wa shaba. Mji mzima, upatu mmoja. Mtoto akizaliwa, unapigwa. Mtu akipotea, unapigwa. Ngwaaa! Ngwaaa! Sauti ile ilikuingia kifuani ikakaa, kama mgeni asiyetaka kuaga. Aliyepotea akiisikia, miguu yake yenyewe iliijua njia. Lakini siku za kawaida, mwiko! Upatu haupigwi bure.

Mpigaji alikuwa Fundi Nungunungu, bwana maringo. Siku moja akataka kuvuka mto bila kulowa. Akauweka upatu majini, akapanda, akaketi. "Nani kama mimi? Nina chombo cha shaba!"

Maji yakamsikia. Chubwi! Yeye akaibuka. Upatu haukuibuka.

Akapiga mbizi, wapi! Akapiga tena, wapi! Akarudi kwake bila kumwambia mtu. Akakata gogo la mfenesi, akachonga, krr, krr, krr. Akatwanga manjano, akachanganya na utomvu na nta ya nyuki. Akang'oa mwiba mgongoni, akautafuna ncha ukawa brashi. Paka, kausha, sugua. Paka, kausha, sugua. Jamani, mti uling'aa! Akatia na masizi ukingoni, uonekane wa mababu. Akautundika mahali pake.

Ngedere akapita, akautazama. "Ee Fundi! Leo umeusugua kwa nini?"

"Kwa ndimu na majivu, bwana."

"Hiyo ndimu nigawie, nikamsugue shemeji yangu sura!"

Wakacheka. Nungunungu hakucheka sana. Maana ule wa shaba, upepo ukivuma, ulikuwa ukinong'ona wenyewe, mmmm. Huu ulinyamaza tu. Naye aliukumbuka ule mnong'ono kama mtu anavyokumbuka jina aliloitwa na mamaye.

Asubuhi moja ukungu ukashuka, mzito kama uji. Bi Paa akaja mbio. "Fundi! Mwanangu Kitinda kapotelea mateteni, na Chatu yumo humo na njaa yake! Piga upatu!"

Nungunungu akashika kirungu. Akapiga.

Ko.

Wanyama wakatazamana.

Ko. Ko.

"Unapiga upatu au unabisha hodi?" Ngedere akauliza.

Bi Paa hakucheka. "Fundi, upatu wetu uko wapi?"

Uongo ulikuwa tayari ulimini: ukungu umeulowesha, ukikauka utalia. Lakini kule matete yakatikisika, shwaa, shwaa, na anayetikisa hivyo ni Chatu.

"Uko mtoni, Bi Paa. Nimeuzamisha mimi. Huu ni mti, nimeupaka rangi."

Akatupa kirungu. Akafumba macho, akaitafuta sauti ile kifuani mwake. "Ngwaaa!" Ikatoka mbovu, ya nungunungu mwenye mafua. Akarudia. "Ngwaaa!" Bi Paa akadakia. Nyati mzee, machozi yakimtiririka, akatia nzito. Ngedere akatia nyembamba. Kumbe kila mmoja alikuwa amebaki na kipande chake cha sauti ile, na vipande vikashikana. Ngwaaa! Ngwaaa! Bonde likajaa.

Ukungu ukapasuka. Kitinda akatoka mbio, mguu umechubuka. "Mama! Nimeusikia upatu!"

Bi Paa akamlamba, akamlamba, kisha akamgeukia Nungunungu. "Fundi, nani alikwambia tuliuweka ule tuutazame?"

Hawakumfukuza. Walimpa watoto wote awafundishe ile sauti, kabla wanaoikumbuka hawajaisha. Upatu wenyewe haukuonekana tena.

Basi jamani, rangi hushibisha jicho, na siku ya shida jicho halimwiti mtu nyumbani. Ukipoteza cha watu, sema mapema.

Hadithi yangu imeishia hapo. Ikiwa tamu, nisifuni mimi. Ikiwa chungu, yalaumuni masikio yenu.