Mlezi wa Jogoo wa Sultani

Hapo zamani, katika mji wa Pongwani, nyumba za mawe zilipokuwa chache na Sultani akimjua kila mbuzi apitaye mlangoni pake ni wa nani, paliondokea mwanamke mjane, jina lake Bi Mashavu. Hakuwa na shamba wala duka. Alikuwa na kibanda cha makuti kilichoegemea ukuta wa jumba la Sultani, upande wa jikoni, na kuku kumi na mmoja, na hao ndio waliomlisha na kumvisha. Naye alikuwa na desturi ya kuzungumza nao. Asubuhi akiingia bandani kuokota mayai, kwanza hubisha hodi, kisha huomba radhi. Basi watu wa mtaa wakimsikia hucheka, wakasema, "Yule bibi akili zimempungua," naye hucheka pamoja nao, wala hajitetei.

Sultani wa mji huo aliitwa Darweshi, mtu mnene, mcheshi, mwepesi wa hasira na mwepesi wa kusahau. Siku moja akaja mgeni wa ng'ambo, akamletea zawadi ya jogoo wa kuchi, shingo ndefu, rangi yake nyekundu kama kaa la moto, na nyuma ya kila mguu ana mwiba urefu wa kidole. Sultani akampenda upeo wa kupenda. Akamwita Jemadari, akamwacha huru uani, na akakataza mtu asimguse.

Jemadari akawa balaa. Mpishi akitoka jikoni na chungu, yuko miguuni mwake. Dobi akianika nguo, anarukiwa mgongoni. Hata Waziri Kutubu, mtu mzima mwenye ndevu za kufika kifuani, akitaka kuvuka ua hupandisha kanzu hadi magotini, akashika sinia la shaba mbele yake kama ngao, na juu ya hayo alikwisha tobolewa muundi mara tatu. Sultani akiyatazama hayo kutoka barazani, hucheka mpaka machozi yakamtoka.

Ikawa siku moja Jemadari akaruka ukuta, akaangukia uani kwa Bi Mashavu. Kabla bibi hajaufikia ufagio, jogoo wake mdogo alikwisha uawa, na mtetea mmoja amenyonyolewa manyoya yote ya mgongoni. Bi Mashavu akamwokota jogoo wake, na hata kumla hakuweza, maana hakuchinjwa. Akaenda kisimani, macho mekundu.

Wanawake wakamwambia, "Pole, bibi. Jogoo yule ni shetani."

Akajibu, "Si shetani. Hakupata mlezi tu."

Neno hilo lilitoka kisimani likaingia sokoni, likatoka sokoni likaingia jumbani, na kabla ya adhuhuri askari wawili walikuwa wamesimama mlangoni kwa Bi Mashavu.

Alipofikishwa barazani, Sultani akamwuliza, "Ewe mwanamke, ndiwe uliyesema jogoo wangu hana malezi?"

"Ndimi, Bwana wangu."

"Na anayemlea ni nani?"

Bi Mashavu akaliona shimo lilivyo, lakini mguu ulikwisha tumbukia. Akasema, "Ni wewe, Bwana wangu."

Sultani akacheka, ila kicheko hicho hakikufika machoni. Akasema, "Basi tangu leo mlezi wake ni wewe. Nakupa siku saba. Asiguswe na mkono wa mtu, asipigwe fimbo, asifungwe kamba, asitiwe tunduni, wala asikose chakula hata mara moja. Siku ya saba nitauvuka ua huu mbele ya watu wote. Siku hiyo akimrukia mtu yeyote, nyumba ya mlezi wake ibomolewe, na kuku wa mlezi wake waingie chunguni. Waziri, andika!"

Waziri akaandika, na miguu yake ameipandisha juu ya kiti. Bi Mashavu akaomba asomewe mara ya pili. Akasikiliza neno kwa neno, midomo ikimchezacheza kama mtu anayekariri, kisha akashika njia kwenda kwake. Jioni ile hakupika. Alikaa kizingitini akiwatazama kuku wake wakipanda kulala, mmoja mmoja.

Siku ya kwanza akaja jumbani na kigoda, akaketi pembeni mwa ua, asifanye jambo. Watumishi wakanong'onezana, "Kweli zimempungua." Lakini Bi Mashavu alikuwa akitazama. Aliona kila aliyepita alikimbia, na kila aliyekimbia alifukuzwa. Aliona sinia la Waziri limesuguliwa likang'aa, na Jemadari akimwona jogoo mwingine mle ndani, basi analipiga kwa miguu yote miwili. Aliona mitetea wa jumbani ni wawili tu, nao wamechoka, wamejificha chini ya ngazi. Na asubuhi, kabla ya kunywa kahawa, alimwona Sultani mwenyewe akishuka uani amevaa viatu vyake vya ngozi ngumu, akamwinulia Jemadari mguu na kuutikisa. Jogoo akaruka, akapiga ngozi, akaruka tena. Sultani akacheka, akampungia mkono, akarudi barazani.

"Unaona, mama?" Sultani akamwambia. "Huyu ananipenda mimi peke yangu."

Bi Mashavu akainama.

Siku ya pili akaja na tenga kubwa kichwani. Akalifungua, wakatoka mitetea wanne, na nyuma yao kuku koo mmoja mzee, mweusi, upanga wake wa kichwani umelala upande mmoja kama kofia ya mlevi. Jina lake Somo, maana ndiye aliyewafunda kuku wote wa Bi Mashavu, majike kwa madume. Jemadari akamjia kifua mbele. Somo akamngoja mpaka alipofika, akamdona utosini mdono mmoja, akaendelea kupekua mchanga. Jemadari akasimama, haamini. Akaja tena, akadonwa tena, na mara hii Somo alimfuata mpaka kwenye pipa la maji.

Waziri Kutubu akatoa kichwa dirishani, akapiga kelele, "Ewe bibi, umevunja amri! Jogoo amepigwa!"

Bi Mashavu akasema, "Bwana Waziri, amri imesema asiguswe na mkono wa mtu. Ukiuona mkono wa kuku huyu, niite niutazame na mimi."

Waziri akaisoma karatasi juu chini, akafunga dirisha.

Kisha Bi Mashavu akawakusanya watumishi, akawaambia, "Piteni kama mnaokwenda sokoni asubuhi, pole pole, wala msimkodolee macho. Akiwajia, simameni, mwageni punje za mtama mbali na miguu yenu. Na sinia la Bwana Waziri lipakwe masizi." Wakafanya hivyo, kwa hofu mwanzoni. Jioni mpishi akauvuka ua wote na chungu cha mchuzi asimwage hata tone, akalia kwa furaha.

Lakini asubuhi ya tatu Sultani akashuka na viatu vyake, akainua mguu, na kazi yote ya jana ikaharibika. Kutwa nzima Jemadari alikuwa moto, akamrukia dobi mara mbili. Bi Mashavu akaketi kwenye kigoda chake akawaza. Kumwambia Sultani kuwa kosa ni lake, hiyo ilikuwa njia fupi ya kuhama mji. Kunyamaza nako, nyumba inakwenda. Akawaza mpaka jua likatua, kisha akapanda barazani.

"Bwana wangu," akasema, "malezi yanakwenda vyema, ila kuna mtu anamchokoza jogoo."

Sultani akaruka kitini. "Nani huyo mtovu wa adabu? Mtaje!"

"Mimi mjinga, siwezi kutaja watu. Ila ukipenda, toa amri ipigiwe mbiu: atakayemwinulia Jemadari mguu, hata awe nani, malezi ya jogoo yawe juu yake, na masharti yote pamoja."

Sultani akapiga paja. "Vizuri sana! Naye aonje! Waziri, andika, 'awe nani'." Na mbiu ya mgambo ikalia mji mzima, mpaka mafundi wa viatu na wauza maji wakaijua amri ile kwa moyo.

Asubuhi ya nne watu walikuwa wengi uani, kila mmoja akitaka kumwona mkosaji. Sultani akashuka na viatu vyake kama desturi. Akamwona Jemadari. Akainua mguu, akautikisa. Jemadari akaruka, akapiga ngozi.

Bi Mashavu akaondoka kwenye kigoda. Akamwendea Sultani, akapiga goti, akamnyoshea kikapu cha mtama kwa mikono miwili.

"Nini hiki?" akauliza Sultani.

"Kazi yako, Bwana wangu. Mlezi sasa ni wewe, na siku zimebaki tatu."

Uso wa Sultani ukaiva. "Wanidhihaki, mwanamke?"

"Mimi sina akili ya kudhihaki, Bwana wangu. Nimeyachukua maneno yako kama yalivyo. Ulisema 'awe nani'."

Waziri Kutubu akaikunjua ile karatasi ya kwanza, akasoma kwa sauti ndogo, "Nyumba ya mlezi wake ibomolewe." Akainua macho akalitazama jumba, ghorofa tatu na milango ya kuchonga. "Bwana wangu," akanong'ona, "amri yaweza kutanguliwa."

Sultani akawatazama watu. Mpishi alikuwepo, dobi alikuwepo, bawabu alikuwepo, na juu ya ukuta vichwa vya jirani vimejipanga kama maembe dukani. Kisha akasema kwa uchungu, "Sitangui neno langu. Lete kikapu."

Basi ikawa Bi Mashavu ndiye aliyeketi, na Sultani ndiye aliyesimama uani.

"Vua viatu, Bwana wangu."

"Atanichuna!"

"Atakuchuna ukimpiga teke. Vua."

Akavua. Siku ile alisimama kama mlingoti, jasho likimtiririka shingoni, akimwaga mtama kwa vidole viwili. Siku ya tano Jemadari akamjia ameshusha bawa moja, akamzunguka akipiga hatua ndogo ndogo.

"Anacheza ngoma gani huyu?" Sultani akauliza, midomo haimfunuki vizuri.

"Anakupima. Usirudi nyuma, wala usimkimbize. Tazama pembeni, kama unayengoja mtu."

Sultani akatazama pembeni. Jemadari akangoja, akangoja, kisha Somo alipomjia karibu akakumbuka ana shughuli nyingine, akaondoka zake kupekua. Sultani akashusha pumzi. Akasema, kwa sauti ya chini asisikiwe na wengine, "Mama, siku zote mimi nilidhani ananipenda."

Bi Mashavu akamwonea huruma. Akasema, "Alikuwa akipigana nawe kila asubuhi, Bwana wangu. Tena aliamini kuwa ameshinda, maana wewe ndiwe uliyekuwa ukiondoka kwanza."

Sultani hakucheka. Siku ya sita alishuka alfajiri bila kuitwa, miguu mitupu, akakaa na kuku mpaka kahawa ikapoa.

Ikafika siku ya saba. Watu wakajaa hata langoni. Na katikati yao akaingia Fundi Shaibu, mwashi, na watu wake sita wenye nyundo na mitaimbo, kwa kuwa Waziri alikuwa amemwagiza tangu siku ya kwanza, kisha kwa hofu zake akasahau kumkataza.

Fundi Shaibu akaamkia, akasema, "Bwana wangu, nimeambiwa nije kubomoa nyumba ya mlezi wa jogoo. Nilikwenda kwenye kibanda cha makuti, watu wakanirudisha, wakasema ni hii. Tuanzie darini au msingini?"

Hakuna aliyethubutu kucheka. Sultani akaitazama ile mitaimbo, akaanza kuuvuka ua. Jemadari akainua kichwa. Manyoya ya shingo yakamsimama. Akaja hatua tatu, kifua mbele, na watu wakashika vinywa. Sultani akasimama. Akatazama pembeni, kama anayengoja mtu. Akafungua kiganja, punje zikaanguka taratibu mchangani.

Jemadari akaziangalia punje, akamwangalia Sultani. Kisha manyoya ya shingo yakalala, akainama, akaanza kuwaita mitetea kwa ile sauti laini ya jogoo aliyeona chakula, nao wakaja mbio wakala miguuni pa Sultani, na mmoja akamkanyaga kidole.

Sultani akaketi pale pale mavumbini, kilemba kikamwendea upande, akacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, na watu wote wakacheka naye, na Waziri Kutubu akacheka kuliko wote, akalitupa sinia lake.

"Ewe Mashavu," Sultani akasema alipopata pumzi, "wamekuita mjinga, na mimi nikaamini. Omba utakalo."

Kabla hajajibu, Fundi Shaibu akakohoa. "Bwana wangu, mimi nimekuja na watu sita na zana zangu zote. Hakuna cha kubomoa?"

Bi Mashavu akasema, "Bwana wangu, kubomoa hakuna, lakini fundi amekwisha kuja. Na kibanda changu kinavuja."

Basi Sultani akaamuru ajengewe nyumba ya mawe mahali pa kile kibanda, na kando yake banda la kuku la mawe pia, na Jemadari akahamia huko kwa hiari yake, akiwafuata mitetea. Fundi Shaibu akaanza kazi siku ile ile. Nyumba ilipokwisha, akaanza banda, akaja na uzi wake wa kupimia, akauliza, "Bibi, mlango wa banda niupe urefu gani? Kiasi cha kuku?"

"Kiasi cha Sultani," akajibu Bi Mashavu. "Amesema banda likiisha atakuwa akija kuokota mayai, na mimi sitaki ajigonge kichwa."

Nami hapa ndipo nilipoikuta hadithi, na hapa naiacha, aliyeipenda aende nayo kwake.