Kwa Nini Tandala Dume Hugeuka Nyuma

Niliwaona mkicheka asubuhi, nyinyi mliokuja na bwana harusi. Kavata alipopuliza baragumu kuwakaribisha, akaanza na ule mlio mrefu usiosema lolote, mmoja wenu aliuliza kama amesahau maneno. Sikukasirika. Haya, nilikasirika kidogo. Kaeni basi, chakula bado kiko jikoni, niwaeleze kwa nini pembe yetu huanza vile. Nikimaliza mtajua pia kwa nini tandala dume, mnyama mwerevu kuliko wengi wenu, akikurupushwa malaloni hukimbia kidogo, kisha husimama na kugeuza shingo kumtazama anayemfukuza.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Zamani, milima hii ilipokuwa na msitu hadi kileleni, na watu walikuwa wachache hata moshi wa kila jiko ulijulikana ni wa nani, tandala dume hakugeuka. Akishtuka ameondoka, na akiondoka humwoni tena. Majike walipigwa mishale, na madume wachanga pia. Lakini dume aliyekomaa, mwenye ndevu ndefu shingoni na pembe zilizojisokota hadi juu, hakuna mwindaji aliyewahi kumleta nyumbani.

Kosa lilikuwa letu. Wawindaji wa siku hizo walikuwa na desturi ya kumtukana mnyama. Waliamini kwamba ukimdharau, mkono wako hautetemeki. Basi walipanda mlima wakinong'ona matusi, na dume alipochomoka kichakani walipaza sauti: "Kimbia, mwizi wa kunde! Kimbia, miguu ya kigoda!" Naye alikimbia. Niambieni, nani kati yenu husimama kusikiliza anavyotukanwa?

Katika siku hizo alikuwepo mwanamke aitwaye Kalondu, binti wa mzee Mbuvi. Mbuvi alikuwa mwindaji mashuhuri mpaka macho yake yalipoingia ukungu, na tangu hapo alibaki nyumbani akichonga mishale. Kalondu ndiye aliyeitia manyoya, na kila mshale alioumaliza aliupiga kwenye gogo kavu nyuma ya nyumba ili aone kama unaruka sawasawa. Alifanya kazi hiyo tangu usichana wake. Gogo lile lilikuwa limetoboka mahali pamoja tu. Lakini hakuwahi kupanda mlima na uta. Hakuna aliyemkataza, ila hakuna aliyelifikiria, hata yeye mwenyewe.

Kilichomfanya alifikirie ni dada yake. Syokau alikuwa ameolewa ng'ambo ya bonde, kule mnakoona yale mashamba ya mtama. Msimu mmoja wa kiangazi, mto ulipopungua, wanyang'anyi walitoka nyikani wakaingia kwa kina Syokau. Watu wa ng'ambo walipiga kelele hadi sauti zikakauka. Huku kwetu hatukusikia kitu, bonde ni pana. Tulipata habari jioni, ng'ombe wameshakwenda, na mume wa Syokau amelazwa na jeraha la mkuki ubavuni.

Wazee walijua dawa ya bonde ni pembe. Walipuliza pembe za ng'ombe, sauti ikafika nusu ya njia ikaanguka. Walipuliza pembe za tandala wachanga, zikalia kama mbuzi aliyefungiwa zizini. Ilitakiwa pembe ya dume mzee, ndefu na yenye tumbo, na hiyo hakuna aliyekuwa nayo. Masika yakapita na mto ukaanza kupungua tena. Syokau akatuma salamu kwamba watoto wake wanalala na viatu miguuni. Siku hiyo Kalondu hakula.

"Baba, nipe uta wako," alimwambia Mbuvi.

"Wa kujaribia mishale?"

"Wa kumfuata yule mzee wa mlimani."

Mbuvi akapapasa mshale aliokuwa akiuchonga. "Watanicheka, mwanangu. Watasema Mbuvi amekosa mtu wa kumtuma."

"Wacheke, baba. Syokau hacheki."

Mzee akainuka, akautoa uta wake darini, akaukaza upote, ile kamba yake, kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akamwambia jambo ambalo hakuwahi kuwaambia wanaume, kwa kuwa hawakuwahi kumuuliza. "Usimtafute anakokula. Huko huenda gizani, na kukicha ameshaondoka. Mtafute anakolala. Mzee kama yule ni kama mimi, haendi mbali na kitanda chake."

Kalondu akapanda mlima, wala hakuwa na haraka. Siku za kwanza hakubeba hata mshale. Alikaa ng'ambo ya korongo akitazama. Akagundua kwamba dume hulala begani mwa mlima, chini ya vichaka vilivyofungamana. Upepo wa kileleni ulimletea harufu za mgongoni, na macho yake yakalinda mteremko wote wa mbele. Aliyepanda kutoka chini alionekana, na aliyeshuka kutoka juu alinuswa. Ndiyo maana wawindaji wetu, pamoja na matusi yao yote, walikuwa wakirudi na vumbi tu.

Lakini aliona na jambo jingine. Jua likipanda, kivuli husogea. Kivuli kikimwacha, dume huinuka, hujinyoosha, huenda kulala upande wa pili wa kichaka. Hata mfalme wa mlima hapendi kuungua mgongo. Kalondu alipoliona hilo alicheka peke yake, akateremka kwenda kuchukua podo la mishale.

Kesho yake alipanda kwa ubavuni. Alikuwa na kibuyu kidogo cha majivu, na kila alipotaka kusogea alidondosha kidogo aone upepo unayapeleka wapi. Yakienda kwa dume, alikaa. Yakienda kando, alitambaa. Alifika karibu sana, akajibanza nyuma ya jiwe, akaweka mshale wa sumu kwenye upote, akasubiri kivuli kifanye kazi yake. Aliziona pembe zikichungulia juu ya majani. Alimsikia akicheua.

Kivuli kilikuwa kimebakiza kidogo tu, ndipo kwale mpumbavu alipotoka miguuni pake akipiga mabawa na makelele. Dume akaruka. Kichaka kilipasuka, mawe yakaporomoka, na Kalondu akaiona kazi yake yote ikienda, pamoja na pembe, na watoto wa dada yake wanaolala na viatu.

Wanaume wangetukana. Kalondu hakuweza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwona mzima mzima, na uzuri wake ulimtoa sauti bila kutaka.

"Ee, baba wa mlima!" alilia. "Wewe uliyevaa mistari ya mvua! Wewe uliyebeba miti miwili kichwani na hukuvunja tawi!"

Dume akasimama.

Tangu mlima uumbwe, hakuna sauti ya binadamu iliyowahi kumwambia maneno kama hayo. Akageuza shingo, masikio mbele, asikie yaliyobaki. Msimcheke. Hata mimi ningesimama, na wewe bwana harusi ungesimama kabla yangu.

"Wewe ambaye..." Kalondu alianza tena, na vidole vikaachia upote. Mshale ule ulikwenda kama mishale yote aliyowahi kuipiga kwenye gogo. Ulizama nyuma ya bega. Dume alikimbia hadi chini ya korongo, na huko akalala.

Kalondu alipomfikia alipiga magoti akalia, halafu akacheka, halafu akalia tena. Alimshika pembe. "Sifa yako sikuimaliza," alimwambia. "Nimekukatia katikati, na hiyo si heshima. Nitaimalizia kwenye pembe yako, kabla sijasema neno langu lolote." Kisha akasimama juu ya jiwe akapiga kigelegele, na watu wakapanda mbio. Wale waliomcheka Mbuvi kwa kumtuma binti ndio waliobeba nyama.

Pembe ilizikwa kwenye mchanga wa mtoni mpaka mfupa wa ndani ukalegea. Mbuvi akaitoboa tundu kwa chuma cha moto, kwa kupapasa tu, na hakukosea. Ilikuwa bado inanuka moshi asubuhi ile vumbi la wanyang'anyi lilipoonekana nyikani, likienda upande wa kina Syokau.

Watu walikimbilia kilimani. "Puliza ya hatari!" mzee Musau alipiga kelele. "Ya mkato, mkato! Haraka!"

Kalondu akaweka midomo kwenye tundu, akapuliza mlio mmoja, mrefu, wa taratibu, ukipanda na kushuka kama mtu anayesifu. Musau alitaka kumnyang'anya. "Mwanamke huyu ana wazimu! Ng'ombe wanakwenda, yeye anaimba!" Kalondu alimpa mgongo akaendelea mpaka pumzi ikaisha.

Mlio ulivuka bonde. Ng'ambo, waliokuwa wameinama wakipalilia waliinuka. Waliokuwa mtoni walitua vibuyu. Wachungaji walisimama. Wote waligeuza shingo kuutazama mlima wetu, kama dume alivyogeuza yake. Ndipo Kalondu akapuliza ile ya mkato. Na kwa kuwa masikio yote yalikuwa tayari, hakuna aliyehitaji kuisikia mara ya pili.

Ng'ombe waliingizwa bomani. Vijana wa kwao walishuka upande ule, vijana wetu wakashuka upande huu, na wanyang'anyi walipofika mtoni walikuta nyuta zimewangoja kingo zote mbili. Waligeuza. Hawakuondoka hata na kitoto cha mbuzi. Syokau alivuka maji yakiwa magotini, akipiga vigelegele njia nzima, akamkumbatia dada yake mpaka pembe ikataka kuvunjika. Ngoma iliyochezwa siku hiyo, mpaka leo tunaisimulia. Musau ndiye aliyecheza kuliko wote, na kabla ya kucheza alimwomba Kalondu radhi mbele ya watu.

Na tangu siku hiyo, kwetu hakuna anayemtukana mnyama anayemwinda. Na tangu siku hiyo, tandala dume akikurupushwa husimama akageuka. Wenzake walisikia kule mlimani kwamba kuna sifa yao iliyokatika njiani, na kila mmoja husimama kidogo, pengine safari hii itamaliziwa kwake. Na kila pembe yetu, iwe ni ya harusi, ya msiba au ya hatari, huanza na mlio ule mrefu. Haumwambii mtu kitu. Ni wa dume, tunammalizia sifa yake.

Sasa jikoni wananiita, nitanyamaza. Lakini kesho bibi harusi wetu atavuka mto kwenda kwenu, na mkifika ng'ambo Kavata atapuliza huku nyuma yenu. Mtakuwa na haraka, mizigo kichwani, jua linawachoma. Nawajua. Mtasimama, na mtageuka wote, hata wewe uliyecheka.