Kobe Aliyepigwa Vanishi

Wapo watu wanaoamini kwamba kinachong'aa ni kizima. Fundi Mng'aro, mtengeneza samani, alikuwa kinara wao. Meza iliyoliwa na mchwa aliipiga msasa, akaipaka vanishi, na mteja akaondoka akitabasamu.

Mama yake alipokwenda kumuuguza dada yake, alimwachia kobe wa majini aliyeitwa Mzee.

"Mwanangu, baba yako hakuniachia kingine chenye uhai. Mtunze kama mboni ya jicho."

"Usijali, mama."

Lakini kazi zilimwelemea fundi. Beseni la Mzee lilikaa kona yenye giza, maji yakawa ya kijani, wala hapakuwa na jiwe la kupandia ili aote jua. Kufikia mwezi wa pili, gamba lilitoka madoa meupe yenye harufu ya uozo. Mara mama akapiga simu: anarudi kesho! Maji yakamfika fundi shingoni. Akafanya lile alilolijua. Alimkausha Mzee, akampiga msasa, akampaka vanishi mikono miwili, tabaka juu ya tabaka.

"Ee! Mzee umekuwa bwana harusi?" mama alicheka alipompakata. Kisha kidole gumba chake kikazama kwenye gamba, na kobe akaficha kichwa. Kicheko kikakatika. "Mbona panabonyea?"

Walimkimbiza kwa daktari wa wanyama.

"Nani kampaka hii?" daktari aliuliza.

"Ni mimi," fundi alijibu kwa aibu. "Nilidhani gamba ni nyumba yake tu."

"Nyumba mtu hutoka, ndugu yangu. Huyu hatoki. Tazama."

Aliinua picha ya eksirei kwenye mwanga. Uti wa mgongo ulipita katikati ya gamba, umeshikamana nalo, na mbavu zimetandazwa kama kenchi za paa, bila msumari hata mmoja. Fundi, aliyeunganisha mbao miaka thelathini, alisisimka mwili mzima. Hakuwa amewahi kuona kiungo kama kile.

"Kwa hiyo... anasikia akiguswa?"

"Anasikia, na anaumia."

"Mungu wangu! Nimempiga msasa mgongo wake!"

Mama hakumgombeza. "Ungeniambia anaumwa, ningerudi siku hiyohiyo," alisema, akageukia dirisha. Maneno hayo yalimchoma fundi kuliko matusi.

Daktari alibandua vanishi, akasafisha uozo na kupaka dawa. Kwa miezi minne fundi alibadilisha maji, akamweka Mzee pakavu saa kadhaa kila siku na kumtoa kwenye jua la asubuhi, kivuli kikiwa karibu. Kila alipombonyeza taratibu na kukuta gamba linazidi kukaza, alishangaa upya, kama mtu anayeona mfupa ukiumbwa mbele ya macho yake.

Siku moja mteja alimwona Mzee juu ya jiwe lake, amefifia, ana kovu mgongoni.

"Fundi Mng'aro mzima, kobe wako kachakaa hivi? Si umpige vanishi!"

"Mwache hivyohivyo," fundi alijibu. "Siku aliyong'aa ndiyo siku aliyokuwa anakufa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti."