Mabati ya Buluu ya Mtendaji

Mtendaji wa kijiji, Bwana Kihiyo, aliutangazia mkutano kwamba mabati arobaini ya zahanati yaliibwa njiani. Wiki hiyohiyo nyumba yake mpya ikaezekwa mabati ya buluu, na kila aliyeuliza alitishiwa kuwekwa ndani.

Bi Nakijwa, muuza vitumbua, hakuuliza. Alimpelekea vitumbua vya moto.

"Mtendaji, nimesikia mjini kwamba mabati ya buluu yametoka na kasoro. Ukiyarudisha unapewa mapya, na laki mbili za usumbufu."

"Wanapokelea wapi, mama?"

"Lori litayachukua pale zahanati, keshokutwa saa tatu. Usiogope, watu watakuwa shambani."

Siku ilipofika, Mtendaji aliiacha nyumba yake wazi juu, akasukuma mkokoteni wa mabati jasho likimtiririka. Lori hakuliona. Alikuta kijiji kizima kimekaa, na mafundi wawili juu ya kenchi za zahanati, nyundo mkononi.

"Yako mangapi?" aliuliza Bi Nakijwa.

"Arobaini," alijibu kabla hajafikiri.

"Mafundi, yametimia. Pigeni misumari!"

"Na laki mbili zangu?" Mtendaji alinong'ona.

"Zipo, Mheshimiwa. Waeleze tu wanakijiji mabati haya uliyanunua duka gani."