Mama Aliyemjibu Hakimu "Nzuri"

Palikuwa na mama mmoja, wapendwa, fundi cherehani. Msigeuke kumtafuta, hayumo humu. Nimemtunga mwenyewe asubuhi nikinyoa ndevu. Alikuwa anashona sare za shule pale sokoni, na sifa yake ilikuwa moja: ukimpelekea kitambaa Jumatatu, Jumamosi mtoto anavaa. Nani kati ya mafundi wetu anaweza kusema hivyo? Mafundi mliomo humu, mtanisamehe, lakini ukweli mnaujua.

Siku moja mchana, akiwa peke yake kibandani, akaingia kijana ana nondo mkononi. Anataka cherehani. Mama akaing'ang'ania. Na kwa nini asiing'ang'anie? Tangu mumewe afariki, cherehani ile ndiyo iliyokuwa inalisha nyumba. Kijana akampiga nondo mkono wa kulia, akampiga tena, na angemmaliza kama wauza nyanya wasingepiga yowe. Akakimbia, akakamatwa, akashtakiwa, mahakama ikamwona ana hatia. Cherehani ilisalimika. Mkono, ndugu zangu, haukusalimika. Mifupa iliunga vibaya, na vidole vikabaki vipo tu, havishiki kitu.

Mwendesha mashtaka, kijana mpole, akamwita mama pembeni.

"Mama, wiki ijayo hakimu anatoa adhabu. Sheria inamruhusu pia kuamuru huyu mtu akulipe fidia kwa yale uliyoyapata. Nitamwomba akusikilize wewe mwenyewe."

"Mimi? Mwanangu, mimi wakili nitamtoa wapi?"

"Wakili si lazima, mama. Hakimu atakuuliza, wewe utamjibu. Basi."

Basi, anasema! Mama alirudi nyumbani anapiga hesabu. Fidia ile aliihitaji kweli kweli. Akiipata, ataweka msichana wa kushona kibandani, watoto watakula, na yeye atarudi hospitali wauangalie tena ule mkono. Akiikosa, itabidi auze cherehani, ile ile aliyovunjwa mkono kwa ajili yake.

Sasa, jirani yake alikuwa mzee mmoja mstaafu, mpenda maneno makubwa. Mnawajua watu hao, kila mtaa unaye wake. Akajitolea kumfundisha.

"Shemeji, mahakamani hawaongei kama sokoni. Sema hivi: Mheshimiwa hakimu, mbele ya mahakama yako tukufu, mimi mwathirika niliyetajwa hapo juu..."

"Hapo juu wapi, shemeji?"

"Wewe sema tu! Ndivyo wanavyosema."

Basi mama wa watu akayakariri. Akiosha vyombo kwa mkono wa kushoto, anakariri. Akipuliza moto, anakariri. Na kana kwamba mzigo huo hautoshi, mwenzake wa kwaya akamwambia baada ya mazoezi, "Dada, si ulisema umemsamehe yule kijana? Sasa unamdai nini tena?" Neno lile lilimchoma. Alikwenda nalo mpaka nyumbani.

Siku ikafika. Mama akavaa gauni lake la Pasaka, akapigwa kilemba kikakaa sawasawa, akajitanda kanga mpya iliyofunika mkono wote, maana aliona haya watu wautazame. Akapanda kizimba cha mashahidi. Kule kupanda tu, maneno ya jirani yakayeyuka yote, hata lile la hapo juu halikubaki. Hakimu, mama mtu mzima mwenye miwani, akamtazama kwa upole.

"Mama, habari yako?"

"Nzuri, mheshimiwa."

"Mkono unaendeleaje?"

"Unaendelea vizuri, namshukuru Mungu."

"Una shida yoyote iliyotokana na tukio hili?"

"Aa, hakuna shida, mheshimiwa. Tunaendelea tu."

Mnacheka! Haya, chekeni, lakini nani humu hajafanya hivyo? Juzi nimekwenda kwenye msiba huko bondeni. Nauliza, habari za hapa? Najibiwa, nzuri tu mchungaji, ila baba amefariki. Nzuri! Mgonjwa yuko kitandani, dripu inamwingia, ukimuuliza hali anakwambia hajambo. Ndivyo tulivyolelewa, na ni adabu njema. Mtu hakurushii matatizo yake mlangoni kabla hujakaa. Lakini pale haikuwa mlangoni kwa mtu. Hakimu alishashika kalamu. Akiandika "hakuna shida", habari imekwisha, maana atamwamuruje mtu alipie shida ambayo mwenyewe anasema haipo? Mwendesha mashtaka akajishika kichwa. Ndugu za yule kijana, kule nyuma, wakaanza kutazamana kwa matumaini.

Hakimu akaiweka kalamu chini.

"Mama, hicho kilemba kimekupendeza. Umepiga mwenyewe?"

Mama akakigusa kilemba kwa mkono wa kushoto.

"Hapana, mheshimiwa. Binti yangu."

"Na chai ya asubuhi umejimiminia mwenyewe?"

"Yeye huyo huyo."

"Kwa nini, mama?"

Wapendwa, yule mama alitaka kusema "basi tu, ananipenda." Neno lilikuwa limeshafika ulimini. Halafu akafikiria binti yake kuamka gizani kila siku kumvalisha mama mzima kama mtoto mchanga, kisha kukimbia shuleni bila kunywa chai. Uchungu ukampanda. Akaivuta kanga, akautoa mkono, akauweka juu ya ubao wa kizimba, mbele za watu wote.

"Mheshimiwa, mkono umekufa. Mkasi siushiki. Sindano inaniponyoka. Tonge la ugali namega kwa kushoto mbele ya wageni, naona aibu. Kanisani wenzangu wanapiga makofi, mimi natazama. Nilidanganya hapa sasa hivi, nimezoea kusema nzuri. Si nzuri. Ni mbaya, mheshimiwa, mbaya sana. Huyu kijana nimemsamehe, Mungu anajua. Lakini watoto wangu hawali msamaha. Naomba anilipe."

Halafu akalia, na hakujificha.

Hakimu aliandika mpaka akageuza ukurasa. Kijana akaenda gerezani, na fidia ikaamriwa, ya haki kabisa. Baba wa yule kijana, mkulima wa vitunguu, akaja kulipa mwenyewe na kuomba radhi, mama akampa kiti na soda. Leo mle kibandani mna msichana anayeshona, na mama ameketi pembeni anasimamia: "Punguza hapo! Fumua, hiyo kola imepinda!" Msichana analalamika kwamba bosi ana maneno mengi. Acha awe nayo, jamani. Nyumba inakula.

Sasa turudi kwetu sisi. Mmemcheka yule mama. Wewe jana usiku ulipopiga magoti, ulimwambia Mungu nini? Nikusemee? "Ee Mungu mkuu, muumba wa mbingu na nchi, tunakushukuru kwa kutulinda, ubariki wagonjwa wote na wasafiri wote, amina." Ukalala. Wagonjwa wote! Na ndoa yako? Mwanao ambaye hamsemeshani mwaka mzima? Ile hofu inayokuamsha usiku? Hukuitaja. Umekwenda mbele ya yule anayeweza kukusaidia, amekuuliza hali, umemjibu nzuri. Halafu unatoka pale unanung'unika kwamba Mungu hajibu. Ajibu nini? Umeomba nini?

Wazee walisema mficha uchi hazai. Msinitolee macho, mama wa pale mbele, methali siyo yangu, ni ya wazee. Mungu haoni ugeni kwenye Kiswahili chako cha jikoni. Hahitaji "mahakama yako tukufu". Wala kusamehe hakukukatazi kusema ulipoumizwa; anayesema hajaumia, amesamehe nini hasa?

Kila Jumapili tukifika hapa mnainamisha vichwa, mimi naomba kwa sauti yangu nzuri, ninyi mnaitikia amina, mnakwenda kula wali. Leo siwaombei. Nakaa pale kwenye benchi, na mimi nina yangu ya kumwambia. Kila mtu afungue kinywa chake, kwa Kiswahili, kwa Kipare, kwa lugha yoyote aliyofundishwa na mama yake, aseme panapouma. Mwenzako akikusikia, akusikie. Ukilia, lia.

Haya, nakaa. Anzeni.