Kindi na Nyama ya Mchezaji Bora

Mpira juu!
— Tudake!
Umeangukia wapi?
— Mikononi mwetu!

Haya, kaeni vizuri. Na wewe unayetafuna muhogo, tafuna polepole nisikike.

Hapo kale wanyama walicheza mpira wa gongo. Mmoja anarusha, mwenzake anaupiga, ko! kisha anazunguka vichuguu vinne mbio mbio mpaka alipoanzia. Timu kubwa zilicheza mlimani, kwenye majani mabichi. Timu ndogo zilicheza bondeni, kwenye vumbi.

Kindi alicheza bondeni. Misimu saba, bondeni tu. Upepo ukigeuka alisikia shangwe za mlimani, hoi hoi hoi, na chakula kikamshinda. Alitamani kwenda huko, jamani, alitamani mpaka kifua kikamuuma.

Njia ilikuwa moja. Kila mwisho wa msimu hutuzwa mchezaji bora wa bondeni, halafu ndege Korongo huja kumbeba mpaka mlimani. Lakini kila mwaka palitokea mkubwa mbele ya Kindi, naye akawa wa pili. Mara mwenye shingo nene, mara mwenye miguu mirefu. Mwaka huo alikuwa Fisi. Fisi akipiga, ko! mpira unapotea. Akikosa, anamwonyesha mwamuzi meno, na mwamuzi anasema amepata.

Sasa, mshindi hukalishwa kigodani, na wanyama hupita mmoja mmoja kumtuza kipande cha nyama. Hainuki mpaka wa mwisho apite. Akiinuka, iliyobaki si yake tena.

Asubuhi ya tuzo Kindi akaenda jikoni kwa Nungunungu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

"Nyama ya tuzo umekata vipande vingapi?"

"Kumi."

"Kumi, na wageni wote hawa? Watakaokosa cha kutuza si watanuna! Lete kisu, nikusaidie."

Kindi akakata, che che che, akakata, che che che, mpaka kila kipande kikawa kama punje ya maharage.

Fisi akaketi kigodani. Wa kwanza akatuza. Fisi akameza, mlu! "Mwingine!" Wa pili akatuza, mlu! "Mwingine!" Foleni ilifika mpaka kichuguu cha nne.

Korongo akatua, pwa pwa pwa. "Mchezaji bora, twende! Mvua inakuja."

"Bado kidogo!" akasema Fisi. Mlu!

"Mchezaji bora, twende!"

Fisi akataka kuinuka. Kindi akamnong'oneza: "Mjomba, paja zima bado. Ukiondoka atalila Nyani."

Fisi akakaa sawasawa. "Bado kidogo!" Mlu!

Tone la kwanza likamdondokea Korongo mdomoni. "Mimi siloi kwa ajili ya nyama. Anayemfuatia ni nani?"

"Ni mimi," akasema Kindi, na kifurushi chake tayari mgongoni.

Pwa pwa pwa, wakaenda zao.

Fisi akameza kipande cha mwisho, akajifuta mdomo, akainuka. "Haya, sasa twende!" Hakuna Korongo. "Na paja liko wapi?"

"Ndilo hilo umemaliza kulimeza," akasema Nungunungu.

Huko mlimani majani yalikuwa mabichi kweli, na shangwe zilikuwa shangwe kweli. Lakini gongo la huko lilimshinda Kindi kulinyanyua. Msimu wa kwanza akakaa pembeni. Msimu wa pili akakaa pembeni. Upepo ukigeuka alisikia bondeni, ko! na moyo ukamwenda mbio. Aliwajua kwa sauti ya mpira tu: huyu Ngiri, huyu Fisi. Akatamani vumbi lile, akatamani hata limpigishe chafya.

Siku moja watoto wa bondeni wakapiga kelele: "Umepiga kama Kindi!"

Swala, aliyekuwa ameketi karibu yake na hata jina lake halijui, akauliza, "Kindi ndiye nani?"

"Mchezaji mmoja wa bondeni, zamani."

"Alikuwa ndiye bora?"

Kindi akatazama chini kule kwenye vichuguu vinne.

"Alikuwa wa pili," akasema.

Hadithi nimeishusha begani, nanyi ibebeni. Na funzo lake, wanangu, ni hili: nyama ikiletwa, msiinuke hata mkiitwa na nani. Fisi alishiba, na mpaka leo hajakaa pembeni hata siku moja.